Ngapi zinafika kisimani, ngapi zinapanda ndege? Uchambuzi wa kisa cha kikundi cha vijana na marafiki zao wa ng'ambo

Kisa hiki nakifahamu kwa ndani. Nilikuwa mmoja wa walezi 3 wa kikundi kinachosimuliwa, na makosa mawili makubwa yaliyomo ni yangu mwenyewe. Majina ya watu, ya nchi zote mbili na ya kijiji nimeyaondoa. Fedha nimezieleza kwa mafungu ya 100, kwa kuwa kiasi halisi hakibadilishi funzo.

## Usuli

Kikundi kilikuwa na vijana 22, wa umri wa miaka 15 hadi 19. Kwa miaka 4 kilikuwa na urafiki na kijiji kimoja ng'ambo: mwanzoni kwa barua, baadaye kwa simu za video mtandao uliporuhusu. Upande wa pili aliyekuwa akituandikia ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji, mtu mwenye mwandiko mzuri na subira ya kupita kiasi.

Katika mwaka wa 4 vijana wakaja na wazo la kwenda. Hakuna aliyeuliza kama tumealikwa. Katibu aliwahi kuandika "siku moja mtatutembelea", nasi tukayachukua maneno yale ya adabu kama barua ya mwaliko.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa wasafiri 16: vijana 12 na watu wazima 4, kwa siku 14. Wangepaka rangi madarasa 3 na kukabidhi mchango wa matengenezo ya pampu ya kisima. Bango la kuchangisha lilikuwa na picha ya mtoto akikinga maji, na maneno "Wasaidie wapate maji" kwa herufi kubwa. Idhini ya kulichapisha niliisaini mimi. Bango halikuwa na neno hata moja la uongo: kisima kipo, pampu ipo, na ilikuwa inasumbua. Ila ndege haikutajwa popote.

## Siku ya kuosha magari

Miezi 5 ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Kulikuwa na matembezi ya hisani, tamasha dogo, mnada wa vitu vilivyotolewa na wazazi, na kuosha magari kila Jumamosi. Tulishafikia asilimia 40 ya lengo.

Jumamosi moja mama mmoja mtu mzima aliingiza noti kwenye ndoo ya michango, akasimama kusoma bango huku kijana wa miaka 16 akimalizia kufuta kioo cha nyuma. Akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, katika hizi nilizotia humu, ngapi zinafika kisimani na ngapi zinapanda ndege?" Kijana alibaki na kitambaa kinachuruzika mkononi. Mwisho akasema, "Nitauliza, mama."

Na kweli aliuliza, kwenye mkutano wa jioni ileile, mbele ya wote. Tukageuka kumtazama mweka hazina, binti wa miaka 17 aliyekuwa na daftari la mapato na matumizi lililonyooka kuliko la taasisi nyingi nilizopitia. Alikwishapiga hesabu, sema hakuna aliyewahi kumwomba aisome kwa mpangilio huo. Katika kila 100 tulizokuwa tunatafuta, 84 zilikuwa za tiketi, viza, chanjo, bima na malazi. Zilizobaki, 16, ndizo za pampu.

Ukumbi ukawa kimya. Mlezi mwenzangu akajaribu kusema kwamba kila safari ina gharama zake. Binti akamjibu bila kuinua sauti: "Sawa, mlezi. Lakini hatukuchangisha ya safari."

## Maamuzi, na sababu zake

Usiku ule tulisimamisha uchangishaji kwa wiki 3. Si wote waliotaka. Wakala wa safari alikuwa anadai malipo ya awali ya tiketi za kundi, na kuchelewa kulimaanisha bei kupanda. Tuliona heri kupoteza bei kuliko kuendelea kupokea fedha chini ya bango ambalo sasa tunajua linapotosha.

Kisha tukagawa mfuko mmoja kuwa miwili, wa safari na wa kijiji. Kila mmoja ulikuwa na kitabu chake cha risiti na safu zake kwenye daftari, na hakuna fedha iliyoweza kuhama bila saini za watu 2, kijana na mlezi. Ugumu ulikuwa kwa fedha zilizokwisha kuingia. Wachangiaji 61 tuliwafahamu kwa majina kwa kuwa walipewa risiti. Tuliwaandikia wote barua ya ukurasa mmoja yenye ile hesabu ya 84 na 16, tukawapa nafasi ya kuchagua: mchango wao ubaki kwenye safari, uhamie kijijini, au urudishwe. Walijibu 38. Kati yao 22 waliuacha kwenye safari, 11 wakauhamishia kijijini, 5 wakataka fedha zao. Tukazirudisha siku ileile.

Waliokaa kimya walikuwa 23, na juu yao kulikuwa na fedha zote za ndoo, zisizo na jina. Hapa tulibishana hadi taa za ukumbi zikazimwa. Kanuni tuliyoishia nayo ni ile inayofuatwa kwa michango yoyote yenye kusudi maalumu: fedha hufuata maneno iliyoombewa. Bango lilisema maji, basi ni ya maji. Kwa uamuzi huo mfuko wa safari ulibaki na nauli ya watu 3 tu.

Uamuzi wa mwisho ndio uliostahili kuwa wa kwanza. Tulimwandikia katibu, tukamweleza yaliyotokea bila kujipamba, tukauliza: mnataka tuje? Tukija, tufanye nini? Jibu lilichukua siku 19 kwa sababu kamati ilikaa vikao 2 juu yake. Lilikuwa na mambo ambayo hatukuyafikiria kabisa. Wageni 16 wangekuwa mzigo, 6 wangewezekana. Mwezi tuliochagua ulikuwa wa kupanda mashamba, hakuna mtu angekuwa na nafasi ya kukaa nasi. Madarasa hayakuhitaji rangi yetu, kwani mafundi rangi wapo kijijini na wanahitaji kazi. Nasi tulisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, kumbe wenyeji walikuwa wanatuomba tusiwapokonye jembe lao.

Walichotaka ni vipuri vya pampu vya kutosha miaka 2, na fundi wa wilayani alipwe awafundishe wanakijiji 5 kuifungua na kuifunga.

## Kwa nini fundi, na si pampu mpya

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu misaada mingi ya maji huharibikia hapa. Pampu ya kijiji ilikuwa ya aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980, katika Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kwa miaka ya 1981 hadi 1990. Wakati huo ilikwishaonekana kwamba pampu inayomsubiri fundi wa serikali atoke mjini hukaa miezi mingi ikiwa imekufa. Afridev ikatengenezwa ili wanakijiji wenyewe waweze kuihudumia: spana moja inatosha kufungua kichwa chake, na fito za chini huungana kwa kulabu na kuachana kwa mkono. Vinavyochakaa ni vitu vidogo, hasa pete ya mpira ya pistoni (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya bomba kuvuta maji) na bushi za mpini, yaani vipande vidogo ambamo mpini huzungukia, vinavyofaa kubadilishwa kama mara moja kwa mwaka.

Kwa nini basi pampu ya kijiji hiki iliwahi kulala miezi 3? Fedha hazikukosekana, kaya zilikuwa zinatoa ada ya maji kila mwezi. Spana ndiyo haikuwapo. Aliyekuwa msimamizi wa mradi uliochimba kisima aliondoka nayo, na duka la vipuri lilikuwa mwendo wa siku 2. Jambo hilo halikuwa kwenye barua yoyote ya miaka 4. Hatukuwahi kuliuliza.

## Vitu tulivyokataa

Habari za safari ziliposambaa vilianza kuja vitu. Mchangiaji mmoja alileta maboksi 2 ya dawa zilizobaki nyumbani na zahanati. Tuliyarudisha, na alikasirika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa kwanza mwaka 1996, inataka dawa zitokane na mahitaji yaliyoelezwa na mpokeaji, na zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda. Dawa zilizokwisha kutolewa kwa wagonjwa kisha zikarudishwa hazifai kabisa. Nusu ya dawa za maboksi yale zilikuwa zimebakiza miezi 4 tu.

Wakala naye alitaka kutuongezea "siku ya kutembelea kituo cha yatima". Tulikataa bila mjadala mrefu. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto lilitaja waziwazi madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, na vijana wetu walilisoma wenyewe kwenye kikao. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia.

## Nani aende

Nafasi za vijana zilishuka kutoka 12 hadi 4. Wazazi 3 walijitolea kulipa nauli kamili ya watoto wao ili wasikose. Tulikataa, tukapiga kura ya bahati miongoni mwa waliohudhuria angalau siku 8 za uchangishaji, na kila aliyepata akachangia robo ya gharama yake, isipokuwa asiye na uwezo. Mzazi mmoja aliniambia: "Mnamzuia mwanangu asiende kwa fedha yangu, halafu mnampeleka mwingine kwa fedha za watu." Sijapata jibu zuri la maneno hayo hadi leo. Vijana 2 waliondoka kwenye kikundi, na mmoja wao hakurudi.

Mweka hazina alikataa kupewa nafasi ya upendeleo. Jina lake liliingia kwenye kura, halikutoka. Kijana wa kitambaa alipata.

Bango jipya lilisema "Tuchangie tukajifunze", na chini yake hesabu ya mifuko yote miwili. Mapato yalipungua sana. Ilichukua miezi 4 kutimiza nauli za watu 6, ilhali mfuko wa kijiji ulijaa kwa miezi 2. Wakati huo huo kijana mmoja akagundulika ana pasipoti iliyobakiza miezi 5, na nchi tuliyokuwa tunakwenda, kama nyingine nyingi, inataka angalau miezi 6. Ilifanywa upya kwa ada ya haraka.

## Safari, na kosa langu la pili

Safari ilikuwa ya siku 10. Sitaisimulia yote, nyingi ilikuwa kukaa na kusikiliza. Ila kuna mambo 2.

La kwanza ni la aibu. Nchi ile hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayeingia. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini kwa anayechanjwa mara ya kwanza huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano. Niliwasimamia vijana wote wachanjwe mapema, mimi nikachanjwa siku 8 kabla ya kuondoka. Shirika la ndege lilinizuia kaunta. Tulikuwa na kanuni yetu wenyewe ya kutowaacha vijana na mtu mzima mmoja peke yake, lakini mbele ya kaunta, tiketi hazirudishiki, tuliamua wapande. Kwa siku 2 vijana 4 walikuwa na mlezi 1. Hakuna baya lililotokea, na hilo si utetezi. Kanuni ya ulinzi wa watoto inayovunjika siku ya kwanza yenye gharama haikuwa kanuni bado.

La pili nililiona nilipofika. Mafunzo ya pampu yalikuwa ya siku 3, na waliochaguliwa na kamati walikuwa wanawake 3 na wanaume 2. Vijana wetu walipewa kazi ya kushika fito zinapovutwa juu, moja baada ya nyingine, zikitiririsha maji mikononi mwao. Ilipotoka pistoni, mwanamke mmoja wa makamo akachomoa ile pete ya mpira, akaipeleka kwenye mwanga, akampa kijana wetu aishike. Ukingo wake ulikuwa umelika hadi kuwa mwembamba kama ukucha. Kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mlezi, ni hiki tu?" Ndiyo, ilikuwa ni hiki tu. Akaigeuzageuza kiganjani muda mrefu kabla ya kuirudisha.

## Matokeo

Pampu ilifungwa vipuri vipya. Spana 2 zilikabidhiwa kwa watu 2 tofauti, mbele ya mkutano wa kijiji. Fundi alilipwa na kamati yenyewe kutoka kwenye mfuko tuliotuma, wala si na sisi. Fedha zenyewe zilifika pungufu mara ya kwanza, kwa sababu zilipita kwenye benki za kati na kila moja ikakata chake. Mara ya pili tulichagua gharama zote zibebwe na mtumaji, zikafika kamili.

Kilichoshindikana ni ziara ya kurudisha. Tuliwaalika vijana 2 wa kijiji waje kwetu mwaka uliofuata, nauli tukaipata. Wote 2 walinyimwa viza kwa kutothibitisha kipato cha kuwarudisha kwao. Vijana wetu walikasirika sana, nadhani ndio waliokuwa wanaona kwa mara ya kwanza kwamba ule "ushirikiano" ulikuwa na mlango wa upande mmoja. Katibu hakushangaa. Aliandika kwamba aliwaambia vijana wake wasinunue mabegi kwanza.

## Uchambuzi

Wengi waliosikia kisa hiki husema kosa letu lilikuwa safari. Sikubaliani. Vijana kusafiri wakajifunze ni jambo halali la kuchangiwa, na 22 kati ya wachangiaji waliojibu waliliunga mkono walipoelezwa ukweli. Kosa lilikuwa kuivisha safari nguo za kisima. Mara mfuko wa safari ulipopewa jina lake mapato yalishuka, na kushuka huko kulikuwa kipimo cha kiasi gani tulikuwa tunakusanya kwa mgongo wa picha ya mtoto.

Barua kwa wachangiaji ilikuwa hatua iliyozaa zaidi. Walezi tuliiogopa, tukidhani itatuaibisha. Waliotaka kurudishiwa ni 5, na wawili kati yao walichangia tena baadaye. Hata hivyo isingewezekana kabisa bila kitabu cha risiti, kwa hiyo sifa ni za mweka hazina aliyekuwa anaandika risiti hata za kiasi kidogo huku wenzake wakimcheka. Ndoo ndiyo ilikuwa udhaifu wetu. Leo nisingeruhusu ndoo isiyo na karatasi juu yake inayosema fedha zinaingia mfuko upi.

Kuwauliza wenyeji kulibadilisha idadi, mwezi, kazi na mlipaji, yaani karibu kila kitu. Najiuliza lakini kama lilikuwa swali huru. Kamati inayotegemea vipuri kutoka kwa mtu haitamwambia kirahisi "msije". Dalili pekee tuliyonayo ni kwamba walikataa rangi na wakapunguza wageni. Kamati iliyoogopa ingekubali yote. Laiti tungetuma fedha kwanza, kisha tukauliza juu ya ziara, tungekuwa na uhakika zaidi.

Kupaka rangi kungeweza pia kututia matatani kisheria. Nchi nyingi hutenganisha viza ya matembezi na kibali cha kazi, na kazi ya kujitolea mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi. Hilo hatukuligundua kwa busara yetu, tuliepushwa nalo na wenyeji.

Kura ya bahati ilikuwa ya haki kwa hesabu, lakini ilikuja baada ya miezi 5 ya kuwaahidi watu 12. Tungetangaza idadi ndogo tangu mwanzo, au tusingetaja idadi kabisa hadi wenyeji waseme. Yule kijana aliyeondoka bila kurudi alikuwa ameosha magari kuliko mtu yeyote.

Kuhusu ulinzi wa vijana, tiba yake ni ya kawaida: mtu mzima wa akiba mwenye viza na chanjo tayari, na tarehe ya mwisho ya nyaraka inayowabana walezi kama inavyowabana vijana. Orodha ya ukaguzi tulikuwa nayo. Jina langu ndilo halikuwamo.

## Miezi 14 baadaye

Kamati ya kijiji ilikuwa inatutumia hesabu kila baada ya miezi 3, ingawa hatukuwahi kuziomba. Katika ya karibuni kulikuwa na picha ya ukurasa wa daftari: pete ya pistoni imebadilishwa, bushi 2 zimebadilishwa, majina ya waliofanya kazi, ambao ni wanawake 2 kati ya wale 3, saini zao, na salio. Pampu ilisimama kwa nusu siku. Chini kabisa, kwa mwandiko wake ule mzuri, katibu alikuwa ameongeza mstari mmoja: "Na ninyi hesabu zenu mbona hatuzioni?"

Mweka hazina wetu alikwishaondoka kwenda masomoni. Aliyempokea ilimchukua siku 11 kulipata daftari.